Re: Nikifanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito, mamogramu bado ni lazima?

Dada, umesema una miaka 47 na unajiandaa kwa upasuaji. Ndiyo, mamogramu, yaani picha ya eksirei ya matiti, bado unaihitaji. Hedhi ikishakoma, estrojeni nyingi hutengenezwa kwenye mafuta ya mwili, na homoni hiyo huchochea saratani nyingi za matiti. Ukipungua uzito hatari hushuka, lakini haiishi. Mwongozo wa Kenya wa 2018 unataka kipimo kila mwaka kati ya miaka 40 na 55.

Ningekushauri upigwe picha kabla ya upasuaji, iwe Hospitali ya Kenyatta au kwingine, kisha uitunze. Titi likipoteza mafuta, picha hubadilika, na daktari atahitaji ile ya zamani kulinganisha. Ukigusa uvimbe wowote, usingoje mwaka uishe. Na tafadhali, usikose kipimo kwa kuuonea haya mwili wako.