Kabla hujakopa pesa ya rauta mpya, shika waya kwanza

Juzi kijana mmoja wa Kahama ameniandikia: "Shikamoo kaka. Nina wateja wa intaneti hapa mtaani, mtandao unakufa kila siku jioni kuanzia saa moja. Nimebadilisha rauta, bado. Sasa nataka kuchukua mkopo ninunue kubwa zaidi. Nichukue aina gani?"

Nilimjibu kwa kifupi kwamba asichukue mkopo. Usiku sikupata usingizi vizuri, kwa sababu swali lake ni lile lile lililonitesa mimi hapa Tanga, na najua wako wengi wanaolibeba kimya kimya huku wateja wanawapigia simu za matusi. Kwa hiyo nimeona nimjibu kwa urefu, na wewe mwenye mnara wako au ndoto ya mnara wako usome pamoja naye. Maana ukifungua makala kama hii, najua unachotaka: wateja wanaolipa bila kusukumwa, mtandao usiokusumbua usiku, na jina linaloheshimika mtaani.

Ilikuwa masika. Tulikuwa tunahudumia Chumbageni, Makorora na nyumba kadhaa za Raskazone kwa redio za 5 GHz, zile zinazorusha intaneti hewani kutoka mnarani hadi kwenye paa la mteja, na kampuni inayotuuzia intaneti kwa jumla ilikuwa inatupa 200 Mbps kwa faiba hadi juu ya jengo letu. Mchana mtandao ulikuwa safi kabisa. Ikifika saa moja usiku, watu wamerudi nyumbani, watoto wako YouTube, baba yuko kwenye mpira, kila kitu kinaanza kuzunguka tu. Ping, yaani muda wa ujumbe mdogo kwenda na kurudi, iliyokuwa milisekunde chache inapanda hadi mia tatu, na pakiti, vipande vidogo vya data, zinapotea. Saa tano usiku watu wakilala, unapona wenyewe.

Niliwapigia wale wa jumla. Kijana wa zamu akaniambia, "Upande wetu kila kitu ni kijani, angalieni upande wenu." Akakata simu. Nikapiga tena kesho yake, jibu lile lile, safari hii na sauti ya mtu anayeongea na mtoto. Namna ile ya kuongea bado ipo masikioni mwangu. Ukiwa mtoa huduma mdogo, unadharauliwa na aliye juu yako kwa sababu unanunua kidogo, na unalaumiwa na aliye chini yako kwa sababu yeye anakujua wewe tu.

Kulikuwa na mama mmoja mwenye nyumba ya wageni Raskazone, mteja wetu wa mwanzo kabisa. Alinipigia akaniambia, "Mwanangu, mgeni akiniuliza intaneti iko wapi, nimpe maelezo yako?" Sikuwa na la kumjibu. Mwisho wa mwezi nilipita pale nikakuta dishi la mtu mwingine juu ya bati ambalo nilipanda mimi mwenyewe kulitoboa. Nimepoteza wateja wengine tangu hapo na sikuumia hivyo.

Mwenzangu tuliyeanza naye biashara alikuwa ameshapata bei ya rauta kubwa ya MikroTik, zile za CCR, na alitaka tuinunue wiki ile ile. Nilikataa. Rauta tuliyokuwa nayo, hata saa mbili usiku, CPU yake haikufika nusu. Kifaa ambacho hakijachoka huwezi kukitibu uchovu.

Badala yake nilikaa na grafu. Tulikuwa tumeweka LibreNMS, programu ya kufuatilia mtandao, kwenye seva, inasoma kila poti (tundu la kuchomekea waya) kila baada ya dakika tano, na kwa muda mrefu hakuna aliyeifungua isipokuwa mimi. Nikatazama poti inayoingiza intaneti. Mstari ulipanda kuanzia saa kumi na moja jioni kama kawaida, ukafika karibu megabiti 95 kwa sekunde, ukanyooka. Ukabaki umenyooka, kama umepigwa kwa rula, mpaka saa tano usiku. Jana yake hivyo hivyo. Juzi yake hivyo hivyo.

Matumizi ya binadamu hayanyooki hivyo, yanapanda na kushuka. Na 95 si namba ya bahati. Ni kiasi unachopata kwenye poti ya megabiti 100 ukishatoa gharama za vichwa vya pakiti. Sisi tulikuwa tunalipia 200 na poti ni ya gigabiti. Nikafungua Winbox, programu ya kusimamia rauta za MikroTik, nikaangalia hali ya poti ile: kasi, 100Mbps.

Elewa kilichokuwa kinatokea, kwa sababu utakutana nacho. Gigabiti kwenye waya wa shaba inahitaji jozi zote nne za nyuzi. Megabiti 100 inahitaji mbili tu, zile za pini 1, 2, 3 na 6. Jozi ya bluu au ya kahawia ikiharibika, vifaa vingi hushuka vyenyewe hadi 100 na kuendelea na kazi. Taa inawaka. Ping inajibu. Mchana, matumizi yakiwa megabiti 60, hakuna anayejua. Jioni yakitaka kuvuka 95, foleni inajaa, kuchelewa kunapanda, pakiti zinatupwa. Kila mtu anasema intaneti imezidiwa, na rauta inasingiziwa.

Waya wenyewe ulitoka kwenye kigeuzi cha faiba cha kampuni ile ile ya jumla, ndani ya kisanduku chao pale juu ya paa, ukashuka hadi chumba chetu. Waliuleta na kuufunga mafundi wao. Nilipochomoa kichwa cha RJ45, kile cha plastiki mwishoni mwa waya wa mtandao, upande wa kisanduku, pini mbili zilikuwa na kutu ya kijani, ile ya shaba iliyokula chumvi. Tundu la kuingizia waya halikuzibwa, na hewa ya bahari ya Tanga haibishi hodi. Wao kwenye skrini zao walikuwa wanaona upande wa faiba tu, na faiba kweli ilikuwa kijani.

Nikavuta waya mpya wa shaba tupu wa nje, nikabana vichwa vipya, nikaziba tundu. Poti ikasoma 1Gbps. Usiku ule mstari ulivuka 95 ukaenda hadi 140 na simu yangu haikulia. Mwenzangu alikuja ofisini akasimama nyuma yangu anatazama grafu, hakusema kitu kuhusu CCR. Nilijivunia, na sioni aibu kusema hivyo.

Sasa kijana wangu wa Kahama, wewe huna chumvi ya bahari lakini una vumbi, una radi, na una waya wa bei rahisi kama sisi sote. Sokoni zimejaa nyaya za alumini zilizopakwa shaba juu, zinaitwa CCA. Kwa jicho hazitofautiani na za shaba. Kwangua uzi mmoja kwa kisu: ukiona weupe ndani, hiyo si ya kupanda nayo mnarani, hasa kama redio yako inapata umeme kupitia waya huo huo. Alumini inapoteza volti nyingi zaidi njiani, na redio yenye njaa ya umeme hujizima na kujiwasha pale tu inapofanya kazi nyingi, yaani jioni. Unaona jinsi maradhi mawili tofauti yanavyovaa sura moja?

Kwa hiyo anzia chini. Umeme, waya, poti, ndipo mipangilio. Kabla hujagusa sheria hata moja ya firewall, ule ukuta unaoamua kipi kipite na kipi kizuiwe, angalia poti imekubaliana kasi gani, na angalia hesabu ya makosa, ile safu ya FCS inayohesabu data iliyofika imeharibika. Namba hiyo ikiwa inaongezeka unapoitazama, waya au kichwa kina tatizo, na hakuna mipangilio duniani itakayoliponya. Vijana wengi wanakimbilia mipangilio kwa sababu inafanyika ukiwa umekaa, na mnara unapandwa kwa jasho.

Na seva ni hivyo hivyo. Sisi mfumo wetu wa kuwatambua wateja ni FreeRADIUS, programu inayoamua nani aingie mtandaoni, juu ya seva ya mtumba, yenye hifadhidata ya vifurushi na malipo ya simu. Siku moja umeme ulikatika kwa muda mrefu, betri ya akiba (UPS) ikaisha, seva ikazimika. Umeme uliporudi, mambo yakageuka chini juu: wateja waliomaliza vifurushi wanaingia bila kulipa, na wanaolipa papo hapo hawafunguliwi. Fundi tuliyemwita alisema hifadhidata imeharibika, akataka kuifuta na kurudisha nakala ya nyuma. Angetupotezea malipo ya siku nzima.

Nilimwomba asubiri. Niliandika amri moja, `date`, na seva ikajibu kwamba tupo miaka kadhaa iliyopita. Betri ndogo ya duara kwenye ubao mama, CR2032, ile wanayouza mafundi saa, ilikuwa imekufa, na bila umeme seva ikasahau saa. Kwa saa ile, kila kifurushi kilichokwisha kilikuwa bado hakijaisha. Na mfumo wa malipo ulikataliwa kwa sababu cheti cha usalama cha upande wa pili kilionekana hakijaanza kutumika. Kwa kawaida seva ingejirekebisha kupitia NTP, njia ya kuuliza saa sahihi mtandaoni, lakini fundi aliyetufungia firewall alikuwa amezuia UDP 123, mlango ambao NTP hutumia, pande zote, majibu nayo yakaishia mlangoni. Betri ikabadilishwa, sheria ikarekebishwa, hifadhidata ikabaki nzima.

Diski nazo zinasingiziwa. Seva ikianza kukwama, soma `smartctl -a`, amri inayoonyesha afya ya diski, kabla ya kununua nyingine. Namba 5 na 197, zinazohesabu sehemu mbovu za diski, zikipanda, diski inakufa, hamisha data leo hii. Namba 199 ikipanda peke yake, mara nyingi kosa liko kwenye waya wa SATA, ule unaounganisha diski na ubao mama. Tumeshaokoa diski nzima kwa kubadilisha waya mfupi tu.

Mengine nitayapitia haraka. Mteja wa eneo la hotspot akipata anwani inayoanza na 192.168.0 wakati wewe hugawi anwani hizo, kuna jirani amechomeka waya wako kwenye poti ya LAN (ya vifaa vya ndani) ya rauta yake ya nyumbani badala ya WAN (ya intaneti inayoingia), na sasa anagawia mtaa mzima anwani. Chukua MAC ya hiyo rauta, namba yake ya utambulisho, itafute kwenye orodha ya bridge, yaani poti zako zilizounganishwa pamoja, utajua inatokea poti ipi. Kisha watenganishe wateja wasionane, wala usibishane na jirani. Na mteja akikwambia WhatsApp inafanya kazi ila tovuti ya benki haifunguki, fikiria MTU, yaani ukubwa wa juu wa pakiti moja. PPPoE, njia ya kumwingiza mteja kwa jina na nywila, inabeba baiti 1492, si 1500. Kwenye Linux jaribu `ping -M do -s 1464`. Ikipita hiyo na 1472 ikagoma, hakikisha rauta inapunguza MSS, kiasi cha data ndani ya kila pakiti, hadi 1452. Watu wamebadilisha redio nzima kwa ajili ya hili, na inauma kusikia.

Kuna siku kosa si lako kabisa, na hapo pia lazima ujue. Mei 12, 2024, Jumapili, mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom, nyaya za faiba zinazotuletea intaneti kutoka nje, iliharibika, na Tanzania tuliumia kuliko nchi nyingi. Watoa huduma wengi wadogo walishinda wakizima na kuwasha rauta. Mimi sikuzima kitu, kwa sababu napima kwa hatua: rauta yangu, mlango wa anayeniuzia, seva iliyoko Dar es Salaam inayofikika kupitia TIX, kituo ambapo watoa huduma wa Tanzania hubadilishana data bila kutoka nje, kisha seva iliyoko Ulaya. Hatua tatu za kwanza zilijibu vizuri, ya nne ikafa. Ndani ya muda mfupi wateja wangu wote walikuwa na ujumbe wa SMS unaoeleza kilichotokea, na karibu hakuna aliyenitukana. Usitegemee 8.8.8.8, anwani ya Google ambayo wengi huipigia ping, peke yake kwa kipimo hiki. Anwani hiyo inatangazwa kutoka sehemu nyingi duniani, hujui inayokujibu iko wapi.

Vipimo hivyo viandike hata siku ambazo hakuna tatizo. Daftari la kawaida linatosha: tarehe, saa, nani kabadilisha nini, poti ipi ilisoma kasi gani. Bila kujua mtandao wako ukiwa mzima unafananaje, utautibu kwa kubahatisha, na kubahatisha ndiko kunakoleta mikopo.

Na ukipiga simu kwa anayekuuzia kwa jumla, usimwambie "mtandao uko slo". Atakwambia ni kijani. Baada ya ile kesi ya kutu niliwaandikia barua pepe fupi: grafu iliyonyooka, kasi ya poti kabla na baada, picha ya pini, na saa kamili za kila kimoja. Nikadai fidia ya jioni zote zile. Walilipa sehemu, kwa kupunguza ankara ya mwezi uliofuata, na wakaleta fundi kuziba visanduku vyao vyote vilivyokuwa kwenye paa letu. Yule kijana wa zamu sijawahi kuongea naye tena. Siku hizi nikipiga, wananipeleka moja kwa moja kwa mhandisi, naye huanza kwa kuniuliza poti inasoma ngapi.