Goti bandia halinunuliwi kwa digrii

SWALI: Daktari, shikamoo. Mama ana miaka 66, tupo Masasi. Magoti yamesagika, ameambiwa abadilishiwe la kulia. Jirani anasema tutafute goti la kisasa linalokunja digrii 155, hapo ataswali na kuokota korosho kama zamani. Ni kweli?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hiyo 155 naisikia kila kliniki, na inaniudhi, maana mwenye goti ndiye anayekuja kulia baadaye.

Goti si bawaba ya mlango. Likikunja, mfupa wa paja hubiringika na kurudi nyuma juu ya muundi. Upande wa ndani hubaki karibu palepale kama mchi kinuni, wa nje ndio husafiri. Mwendo huo huongozwa na ligamenti, yaani kamba ngumu zinazofunga mfupa kwa mfupa, na kwenye goti bandia la kawaida ile ya mbele huondolewa. Hapo ndipo maumbo hutofautiana. Lipo linaloiacha ligamenti ya nyuma ifanye kazi. Ikilegea, paja huteleza mbele badala ya kurudi nyuma. Lipo lenye kigingi cha plastiki katikati, ambacho goti likishakunja hukutana na chuma cha juu na kulisukuma paja nyuma. Lipo pia lenye kikombe upande wa ndani, kuiga ule mchi na kinu.

Lakini digrii hazitoki dukani. Kinachotabiri zaidi ni goti lilikunja kiasi gani kabla ya upasuaji. Hata magoti yaliyoundwa makusudi yakunje zaidi, yalipolinganishwa na ya kawaida hayakuleta tofauti ya maana. Wengi huishia 110 hadi 120: ngazi atapanda, kitini atainuka. Kuchuchumaa chini ya mkorosho, hapana. Aokotewe, yeye akae kwenye kiti atenganishe korosho na mabibo. Na kuswali, aswali kitini.

Msikubali pia sindano ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe na maumivu, kwenye goti ndani ya miezi 3 kabla ya upasuaji; huongeza hatari ya maambukizi. Na wachuaji, jamani! Nimempokea mzee kutoka Newala, wiki ya tatu tu, kidonda kimepakwa majani yaliyopondwa, nyuzi zimezama kwenye usaha. Aliahidiwa goti "litalegezwa". Vijidudu vikishashika chuma, huenda chuma chenyewe kikatolewa. Goti gumu hulegezwa na mazoezi ya kila siku, hasa wiki 6 za mwanzo, mtaalamu wa fiziotherapia akilipima. Hata mto msimwekee chini ya goti usiku: atalala vizuri, na goti litazoea kubaki limepinda.