Dawa ya minyoo humkinga ndama kwa muda gani?

Ndugu, umeuliza kama ukimnywesha ndama albendazoli (dawa ya minyoo) leo atakuwa amekingwa kwa miezi mitatu. Hapana, si kinga ya miezi mitatu. Dawa hiyo huua minyoo waliomo tumboni, na baada ya siku chache imeshaisha mwilini. Akirudi malishoni penye mabuu ya minyoo anaambukizwa upya, na wiki tatu hivi baadaye kinyesi chake kinaanza tena kutoa mayai. Sindano ya ivamektini, dawa nyingine ya minyoo, hukaa zaidi, takriban wiki mbili hadi tatu kwa baadhi ya minyoo. Hiyo miezi mitatu ni ratiba ya kurudia tu. Ukiona anaharisha, manyoya yamesimama au ana uvimbe chini ya taya, usisubiri tarehe, mwite daktari wa mifugo. Na tafadhali mpime uzito kwa utepe wa kifuani, dozi pungufu huzalisha minyoo sugu.