Gongo la besiboli lishuke au lipande? Jibu kwa mzazi mwenzangu

Ndugu mleta mada, umeuliza umfuate nani kati ya kocha wa timu, anayemwamuru mwanao ashushe gongo juu ya mpira kama mtu anayepasua kuni, na mwalimu wa kulipwa, anayemtaka apige kwa kupandisha. Nami nilikwama hapo hapo, hapa Ohio, mwanangu alipokuwa na miaka 12, na nilikosea kwanza kabla ya kupatia, kwa hiyo naomba uniruhusu nijibu kwa kirefu. (Kwa wasomaji walioko nyumbani: gongo ninalolisema ni la kupigia, si la kunywa.)

Kocha wa timu yenu ana sababu zake. Katika uwanja wa watoto, mpira unaoviringika chini humlazimisha mlinzi auokote, ajipange, aurushe hadi besi ya kwanza (kituo anachokimbilia mpigaji), na mwenzake audake. Mtoto wa miaka 9 huharibu walau hatua moja kati ya hizo, na mpigaji hufika salama. Mafundisho ya kushusha gongo hushinda mechi za Jumamosi, na ndiyo maana hayafi. Ila walinzi wa miaka 15 hawaharibu kirahisi namna hiyo, na kijana aliyezoea kupasua kuni hujikuta anatolewa, yaani zamu yake inaisha, kila anapogusa mpira.

Sasa tuangalie mpira wenyewe unavyokuja. Katika Ligi Kuu ya Marekani mrushaji husimama juu ya kichuguu cha sentimita 25 na huuachia mpira ukiwa juu sana kuliko eneo la kupigia, kwa hiyo hata ule wa kasi unaoonekana kunyooka hufika ukiteremka kwa nyuzi 6 hivi, na ule wa kupinda hufikia nyuzi 10. Ted Williams, mpigaji maarufu wa zamani, ambaye mwaka 1941 alimaliza msimu kwa wastani wa .406, yaani zaidi ya mapigo 4 halali (yale yanayomfikisha mpigaji besi salama) katika kila majaribio 10, alifundisha kupandisha gongo kidogo kwa sababu hiyo hiyo. Gongo likipita katika mstari ule ule ambao mpira unateremkia, vitu viwili hivi huwa kama magari mawili yanayokabiliana katika barabara moja: ukiwahi kidogo au ukichelewa kidogo, bado vitakutana. Ukishusha gongo, barabara zinakatana, na nafasi ya kukutana ni ile ya njia panda tu. Tena watu husahau kwamba mpira wa mtoto, kwa kuwa ni wa polepole, huteremka kwa mwinuko mkali kuliko wa wakubwa.

Kwa hesabu hizo nilimwamini mwalimu wa kulipwa, nikamlipa, na kwa wiki tatu mwanangu hakupiga kitu. Mipira ilipaa wima kama moshi na kuangukia mikononi mwa mdakaji. Nilimrekodi kwa simu nikiwa upande wa kifua chake, kisha nikaichezesha picha polepole sana mezani usiku. Alikuwa ameelewa neno «pandisha» kuwa ni kuinamisha bega la nyuma: kabla nyonga haijageuka, kichwa cha gongo kilikuwa tayari kimeanguka usawa wa goti, na kutoka huko hakikuwa na pa kwenda isipokuwa chini ya mpira.

Kilichonishangaza zaidi ni picha za zamani, za wakati kocha alipokuwa akimpigia kelele za «shusha, shusha». Katika mapigo yake mazuri ya siku hizo, gongo lilianza kwa kushuka kutoka begani, likalala sawa na njia ya mpira, na lilipogusa mpira lilikuwa limeanza kupanda. Nilipomwonyesha, alikataa katakata. Aliapa kwamba alikuwa akikata kwenda chini. Hapo ndipo nilipotambua kwamba agizo la kocha na njia halisi ya gongo ni mambo mawili tofauti, na kwamba ubishi mwingi wa watu wazima kuhusu jambo hili ni wa watu wanaotaja hisia ya mpigaji upande mmoja na picha ya kamera upande wa pili.

Kuna na ubishi mwingine, kama mpigaji asogeze uzito mbele au azunguke papo hapo; huo sitakawia nao. Mpigaji Ichiro Suzuki alipiga mapigo halali 262 mwaka 2004 huku mwili wake ukionekana kama umeshaanza kukimbia, na bado nyonga zake zilizunguka. Uzito husogea, mguu wa mbele hukanyaga na kukaza, nyonga hufuata, kisha kifua, kisha mikono. Yule anayemwambia mtoto asage mende kwa mguu wa nyuma, yaani auzungushe palepale kama anayeponda mdudu, anamfunga uzito nyuma, simpendi.

Utaambiwa pia habari za mpigaji J.D. Martinez, aliyeachwa na timu ya Houston Astros Machi 2014 baada ya kubadili upigaji wake, akaenda Detroit Tigers na kupiga homurani 23 (mapigo yanayovusha mpira nje ya uzio) msimu huo huo. Ni kweli, lakini yeye alikuwa mtu mzima anayejua mwili wake. Isitoshe, mwaka 2018 wapigaji wa Ligi Kuu walitolewa kwa straiki (kufikisha makosa matatu bila kuupiga mpira) mara nyingi kuliko walivyopata mapigo halali, jambo ambalo halikuwahi kutokea, na ingawa kasi ya warushaji imechangia sana, tamaa ya kurusha mpira juu nayo ina sehemu yake.

Sisi tulirudi kwenye kinara cha kuwekea mpira. Nilikiweka mbele kidogo ya mguu wake wa mbele, usawa wa kitovu, nikafunga utepe mwekundu kwenye neti, juu kidogo ya usawa wa mpira, nikamwambia aupige utepe. Sikutaja kupanda wala kushuka. Akiupiga chini ya utepe, alikuwa akikata. Akiupitisha juu ya neti, bega limelala. Mapigo 50 kila jioni, na baada ya mwezi hivi alijirekebisha mwenyewe.

Kwa hiyo, kabla ya kumwacha yeyote kati ya hao wawili, mrekodi mwanao kutoka ubavuni katika mazoezi yajayo, mapigo 10 kwa agizo la huyu na 10 kwa agizo la yule, kisha utuambie gongo liko wapi mguu wa mbele unapokanyaga.