Protini ya LAT inapotea kabla ya kufika kwenye jeli

SWALI: Wataalamu, shikamooni. Nasoma shahada ya pili hapa Arusha. Nachochea seli za Jurkat (seli T za maabara) kwa kingamwili ya OKT3 (huamsha seli T) dakika 10 juu ya meza, nazizungusha kwenye sentrifuji dakika 5, kisha nazipasua kwa sabuni ya Triton asilimia 1 barafuni. Westan bloti (kipimo cha kutambua protini kwa kingamwili) haionyeshi LAT yenye fosfeti, na hata LAT ya kawaida ni hafifu. Kingamwili ya bloti imeharibika? – Msomaji, Njiro

JIBU: Marahaba. Kingamwili tuiache kwanza, kwa sababu hapo pana hasara mbili: fosfeti inapotea, na protini yenyewe inapotea.

LAT si kimeng'enya. Kazi yake ni kukutanisha wengine: kimeng'enya ZAP-70 kikishaiwekea fosfeti, tairosini (asidi amino) ya 132 hushika protini ya PLC-gama 1, na za 171, 191 na 226 hushika protini za Grb2 na Gads, Gads huja na nyingine, SLP-76. Fosfeti hizo hufika kileleni ndani ya dakika moja au mbili, kisha vimeng'enya vya fosfatesi huziondoa. Kwa dakika 10 umeshachelewa, na sentrifuji inamalizia kilichobaki.

Weka seli milioni 5 katika maikrolita 100, kwenye maji ya nyuzi 37, si mezani (baridi ya Julai huko Arusha inatosha kupunguza kasi ya mwitikio). Tia OKT3, subiri dakika 2, kisha mimina palepale maikrolita 100 za bafa baridi ya kupasulia yenye nguvu maradufu. Usizungushe kabla ya hapo! Baada ya kuchanganya, sodiamu othovanadeti (huzuia fosfatesi) ibaki milimola 1 kwa lita. Iwe imechemshwa kwenye pH 10 mpaka unjano uishe, na bafa isiwe na kemikali za DTT wala EDTA, maana huidhoofisha.

Kuhusu LAT hafifu, shida ni Triton. Sisteini (asidi amino) za 26 na 29 za LAT zimebeba mafuta yanayoing'ang'aniza LAT kwenye sehemu za utando zenye kolesteroli nyingi, na Triton ya baridi haiziyeyushi vizuri. Tumia sabuni ya dodesili-maltosidi asilimia 1, dakika 30 barafuni. Mashapo ya zamani (yaliyobaki chini baada ya kupasua seli) kama unayo, yachemshe kwenye bafa ya sampuli uyapitishe kwenye jeli. Huenda mkanda wa LAT, wa kilodaltoni 36 hadi 38, ukawa humo.

Maziwa ya unga ya kuzibia bloti acha: kasini yake ina fosfeti na inaweza kuchafua bloti. Albumini ya ng'ombe asilimia 5 inafaa zaidi.

Kingamwili ya bloti ipime kwa seli zilizotibiwa kwa pavanadeti (huzuia fosfatesi) dakika 5. Hata hapo mkanda usipotokea, nunua nyingine.