Kabla hujamwongezea bosi damu

Kila linapokuja kundi jipya la vijana wanaojifunza kutengeneza gemu hapa Unguja, bosi wao wa kwanza, yaani yule adui mkubwa wa mwisho wa hatua, huwa popobawa, lile jini la hadithi za visiwani. Sina ugomvi na popobawa: ana mabawa, anapenda giza, anafaa kabisa. Ugomvi wangu ni zile namba. Ukifungua faili unakuta maadui wa kawaida wana damu, yaani pointi za uhai, 100 kila mmoja, yeye kapewa 5000, na pigo lake moja linakula nusu ya damu ya mchezaji. Ukiuliza sababu unajibiwa, "Si ndiye bosi?"

Jamani, huyo si mgumu, ni mrefu tu. Anachofanya mchezaji dakika ya kwanza ndicho anachofanya dakika ya nane, ila sasa kidole kimechoka. Pambano gumu ni lile ambalo mchezaji akifa anajua kilichomuua, na kabla hajabonyeza kitufe cha kurudia ameshapanga atakachobadilisha. Yote nitakayowaambia yanatoka kwenye hilo moja.

Aliyewahi kuvuka kwenda Pemba akaangalia mchezo wa ng'ombe, huyo ameshaona bosi aliyetengenezwa vizuri. Ng'ombe yule hauawi, na mtu anayesimama mbele yake na kitambaa hamshindi kwa nguvu wala kwa mbio. Anamshinda kwa kumsoma. Kabla ya kuvamia, ng'ombe huinamisha kichwa. Akishatoka mbio hawezi kukata kona ghafla. Akikosa, unabaki muda mfupi wa kuugeuza mwili wake mzito, na hapo ndipo mtu anapomchokoza tena, watu wakashangilia.

Kila pigo la bosi wako liwe na vipande hivyo vitatu: kujiandaa, kupiga, kujirudisha. Anayeanza kazi huchora kipande cha katikati kwa ustadi mkubwa, moto na cheche, halafu vile viwili vya pembeni akaviachia fremu mbili tatu, yaani picha moja moja zinazounda mwendo. Kumbe gemu lenyewe liko huko pembeni. Katika kujiandaa mchezaji anasoma, katika kujirudisha analipiza. Ukivifuta hivyo, kilichobaki ni katuni inayoua watu.

Hesabu yake si ngumu. Gemu likienda fremu 60 kwa sekunde, fremu 15 ni robo sekunde, na robo sekunde ndiyo takriban muda anaohitaji mtu kuona kitu na kubonyeza. Bosi anayejiandaa kwa fremu 8 hakwepeki kwa macho, anakwepeka kwa kubahatisha au kwa kukariri. Mimi huanza na fremu 30, kisha napunguza taratibu mpaka watu waanze kulalamika, halafu narudi nyuma kidogo. Na msisahau kwamba wachezaji wenu wengi wako kwenye simu za bei nafuu. Simu inachelewa kidogo kupokea mguso, na kidole gumba kimeziba pembe ya skrini. Pigo linalotokea chini kushoto, palepale penye kidole, hata lijiandae kutwa nzima halionekani.

Mtu akishaielewa kanuni, ruhusa kuichezea. Margit katika Elden Ring, gemu la mwaka 2022, ananyanyua fimbo yake, anaiweka juu, anaendelea kuiweka juu, na wewe uliyekimbilia kukwepa mara tu ulipoiona inapanda unapigwa ukiwa unainuka. Watu walimtukana sana. Lakini mwacheni, ana haki: ni bosi wa mapema, na anakwambia waziwazi kwamba huku mwenye pupa haishi. Malenia, wa gemu hilohilo, ni kesi nyingine. Kila akikugusa anajirudishia damu, hata ukilizuia pigo kwa ngao. Hilo nalipenda, kwa sababu linakulazimisha uache kujificha nyuma ya ngao ambayo huenda umeitegemea tangu mwanzo. Ila lile pigo lake la kurukaruka hewani na upanga, mfululizo juu ya mfululizo, wengi hawakulijua kwa kulitazama, walifundishwa na video za wenzao. Kwangu mimi hapo walizidisha. Wapo wanaonipinga, tumeshabishana barazani mpaka kahawa ikapoa.

Bosi pia ni mtihani, na mtihani hutungwa kutokana na kilichosomeshwa. Mfululizo wa magemu ya Zelda umefanya hivyo kwa miaka mingi. Katika Ocarina of Time la 1998 unaokota mabomu ndani ya pango la Dodongo, unayatumia kuvunja kuta na kufungua njia, na ukifika kwa mfalme wa mle unamwona anafungua kinywa kuvuta pumzi. Hakuna anayekwambia kitu, mkono wenyewe unajua: bomu linaingia kinywani. Sasa angalieni kazi zetu: hatua tatu nzima mchezaji anaruka juu ya mitumbwi na kukwepa pweza, halafu kwa bosi tunamtaka alenge mishale ambayo hajawahi kuishika. Mtoto akishindwa hapo, aliyemtungia mtihani ndiye wa kuulizwa.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni yule pepo wa mwanzo kabisa wa Dark Souls, la mwaka 2011, lililoongozwa na Hidetaka Miyazaki. Unaingia ukumbini mkononi una kipande cha upanga uliovunjika, linakuangukia dubwana kubwa kama nyumba. Ukijaribu kupigana, kwa kawaida unakufa. Lakini pembeni upo mlango mdogo umeachwa wazi. Ukiuona ukakimbia, unapata silaha, unazunguka, na baadaye unatokea juu yake kabisa: unaruka, unamshindilia upanga kichwani, na kipande kikubwa cha damu yake kinaondoka kwa pigo moja. Hapo mchezaji ameshajua kwamba kukimbia kunaruhusiwa, kuangalia mazingira kunalipa, na mkubwa hashindwi kwa ubavu. Hakusomeshwa kwa maandishi hata mstari mmoja.

Awamu ya pili ya bosi, pale damu yake ikipungua akabadili mtindo, isiwe bosi mwingine aliyevaa ngozi ya huyu. Chukua mapigo yaleyale, mawili uyaunganishe, moja uliharakishe, ongeza jipya moja tu. Mchezaji aone kwamba alichojifunza bado kina kazi.

Nije kwenye jambo ambalo vijana hulidharau, nalo ni umbali kati ya kufa na kujaribu tena. Dark Souls la kwanza lilikutembeza safari nzima kurudi kwa bosi, ukipita maadui walewale. Elden Ring wakaweka sanamu karibu na mabosi wengi, ukifa unaamkia hapohapo. Ugumu wa mabosi haukupungua kwa hilo, ila usumbufu ulipungua. Cuphead la 2017 linakwenda mbali zaidi: ukifa linakuchorea mstari na kukuonesha ulibakisha kiasi gani kumaliza. Mara nyingi unakuta ulikuwa karibu kuliko ulivyodhani, na hasira inageuka kuwa "ngoja nirudi mara moja tu." Mstari mmoja tu, na kuutengeneza ni kazi ya jioni moja. Na kwetu sisi kuna umeme unaokatika. Hifadhi maendeleo kabla ya mlango wa bosi bila kumuuliza mtu. Mchezaji aliyezimikiwa na kompyuta katikati ya pambano hatamlaani anayesambaza umeme, atakulaani wewe.

Kuhusu zawadi sitasema mengi. Sarafu 1000 hazimfurahishi aliyepigana usiku kucha, kwa sababu angeweza kuzipata kwa kuua kaa ufukweni. Gemu la Mega Man, tangu 1987, linampa mshindi silaha ya bosi aliyemuangusha, na silaha hiyo ndiyo udhaifu wa bosi mwingine, kwa hiyo ushindi mmoja unafungua fikra za pambano la pili. Upande wa pili kuna Shadow of the Colossus la 2005: majitu 16, hakuna adui mwingine njia nzima, na jitu likianguka inapigwa muziki wa huzuni badala ya shangwe. Wapo waliomaliza gemu lile wakiwa na mashaka na walichokifanya. Hiyo nayo ni zawadi, ingawa sishauri mtu aanze nayo.

Bosi wako akishasimama, mpe simu mtoto wa jirani ambaye hajawahi kuliona gemu lako, ukae nyuma yake ufunge mdomo. Kila akifa muulize swali moja: kimekuua nini? Akikueleza, hata kama amekasirika, endelea na kazi. Akisema "sijui, nimekufa tu," usiguse damu wala nguvu za bosi. Fungua lile pigo lililomuua, uhesabu fremu za kujiandaa.