Maswali yenu: watu wako wapi kwenye Mastodon?

Toleo lililopita tulieleza Mastodon kwa ufupi: mtandao wa kijamii ulioanzishwa Ujerumani na Eugen Rochko mwaka 2016. Hauna mwenye mmoja. Kuna maelfu ya seva (kompyuta zinazohifadhi akaunti za watu), kila moja na wasimamizi wake, na zote zinaelewana kupitia kanuni moja iitwayo ActivityPub. Barua zilizofuata zimetoka mitaa yote ya Lubumbashi, na nyingi zinauliza jambo moja: mtu akishaingia, atawapata wapi watu wa kuongea nao? Lugha ya barua tumeiacha kama ilivyokuja.

*Ba yaya, jambo. Minafungula akaunti ku mastodon.social, ile mwezi yenye ilipita. Kila siku minaingia, hakuna mutu, sawa nyumba yenye batu balihama. Ku Facebook siku ya kwanza tu nilipata rafiki mia moja. Kosa iko wapi?*
— Msomaji, Katuba

Ndugu, hakuna kosa, ila Facebook imekuzoesha kuletewa watu. Ukiiruhusu, inasoma namba zilizo kwenye simu yako, kisha inakupangia nani umwone. Mastodon inaomba barua pepe tu, namba ya simu haiitaki, na ukurasa wako wa mwanzo unaonyesha vile ulivyofuata mwenyewe, kwa kufuatana na saa. Usipofuata kitu, hutaona kitu.

Anza na mada kabla ya watu. Kwenye kisanduku cha kutafutia andika neno lenye alama ya reli, kwa mfano #Photographie au #Kiswahili, fungua ukurasa wake, bonyeza kitufe cha kufuata. Tangu toleo la 4.0 la programu ya Mastodon, mwaka 2022, machapisho yenye alama uliyoifuata yanaingia kwenye ukurasa wako hata kama mwandishi humfuati. Chukua kama kumi hivi, Kifaransa na Kiswahili, na Kiingereza ukikisoma. Alama haikubali nafasi wala kistari: #TP-Mazembe inakatika na kubaki #TP, kwa hiyo andika #TPMazembe. Herufi kubwa mwanzoni mwa kila neno zinawasaidia pia vipofu wanaosomewa na simu.

Baada ya siku tatu au nne utaona majina yanayojirudia. Hao ndio wa kuwafuata, na ndio wa kuwajibu. Watu wengi wanakwama hapa: wanabonyeza nyota, wanangoja. Nyota inamfurahisha mwandishi, lakini haipeleki chapisho kwa wafuasi wako. Kinachosambaza ni kitufe cha mishale miwili, na kinachokufanya ujulikane ni jibu lenye maana. Mtu akiweka picha ya mashine yake ya kushona, swali moja kuhusu sindano aliyotumia linafanya kazi kuliko nyota hamsini.

Tuseme wazi pia: mashabiki wa Mazembe ni wachache huko, WhatsApp bado inawashikilia. Walio wengi ni watu wa programu huria, wapiga picha, watafiti, wachoraji, watu wa baiskeli na wa bustani. Wanaoandika Kiswahili wapo, lakini hawajakaa pamoja. Ni alama za reli zinazowakutanisha.

*Niko mwanafunzi mu UNILU, minasoma jiolojia. Banasema kwanza ni lazima kuchagula seva. Nitajua aje kama batu ba mule banapokea bageni muzuri?*
— Mwanafunzi, Kampemba

Usichague kwa ukubwa. Idadi ya wanachama haikuambii nani atasoma malalamiko yako siku utakapotukanwa.

Kichujio cha kwanza ni orodha iliyo kwenye joinmastodon.org. Seva iliyo pale imeahidi mambo manne: kusimamia kwa vitendo dhidi ya ubaguzi wa rangi na wa jinsia na chuki za namna hiyo, kuhifadhi nakala kila siku, kuwa na angalau mtu wa pili mwenye ufunguo wa dharura, na kutoa taarifa miezi mitatu kabla ya kufunga. Ni ahadi tu, lakini seva nyingi za nje ya orodha hazijaahidi hata hizo.

Kisha fungua ukurasa wa « À propos » wa seva yenyewe. Unasomeka bila akaunti. Tafuta jina la msimamizi, ubonyeze, uone mara ya mwisho ameandika lini. Msimamizi aliyenyamaza miezi sita ni dalili mbaya kuliko kanuni zilizoandikwa vibaya. Kanuni zenyewe zisome kwa jicho la mgeni: "tuheshimiane" peke yake haimlindi mtu, kwa sababu kila mmoja ana heshima yake. Kanuni nzuri inataja kilichokatazwa na kitakachompata anayekifanya.

Ukurasa huohuo mara nyingi una orodha ya seva zilizozuiwa, na sababu kando ya kila moja. Isome. Wengine wanadhani seva isiyozuia yeyote ndiyo yenye uhuru zaidi. Kwa mtu wa kwetu ni kinyume: zipo seva zilizoanzishwa kwa ajili ya matusi ya rangi, na msimamizi asiyezizuia amekuachia wewe kazi ya kuzizuia, moja baada ya nyingine.

Mwisho, kama seva imeacha mkondo wake (machapisho ya wanachama wake) wazi kwa wageni, usome kwa nusu saa. Angalia mtu mwenye machapisho machache anapouliza swali la kijinga. Akijibiwa, umefika. Kama wanaojibiwa ni walewale watano kila mara, pita.

Kwa jiolojia, scholar.social ni ya watu wa elimu na utafiti. Ukitaka mahali pa Kifaransa pasipo na mada maalumu, tazama piaille.fr, au mamot.fr inayoendeshwa na La Quadrature du Net, chama cha Ufaransa kinachotetea uhuru wa kidijitali. Usajili unaweza kufungwa na kufunguliwa, kwa hiyo ukikuta umefungwa usilichukue kama fukuzo.

Seva nyingi nzuri zinakuuliza sababu ya kujiunga. Ukijibu "nataka kujiunga" utakataliwa, maana ndivyo wanavyoandika matapeli. Sentensi mbili zinatosha, kwa lugha ya seva: unasoma nini, wapi, na unataka kuongea nini. "Nasoma jiolojia Lubumbashi, napenda madini ya shaba ya Katanga. Nataka kufuata watafiti na kuonyesha picha za mawe ninayokusanya." Anayepokea ni mtu wa kujitolea, anaweza kukaa na ombi lako siku kadhaa. Barua ya kuthibitisha ikichelewa, angalia kwenye taka. Barua pepe za muda hukataliwa mara nyingi.

*Miye niko mushonaji mu commune Kenya. Banasema niandike chapisho ya kujijulisha. Niandike nini?*
— Mama mushonaji

Mama, jaza wasifu kwanza: picha, mistari miwili juu ya kazi yako, na zile nafasi nne za chini (mji, lugha, kazi, unachotafuta). Mtu asiye na picha wala maelezo akianza kufuata watu mia tatu kwa siku moja, anachukuliwa kuwa roboti, na wenye akaunti zinazohitaji ruhusa wanamkataa.

Chapisho lenyewe lina nafasi ya herufi 500 kwenye seva nyingi. Kwa mfano:

"Jambo! Niko Lubumbashi, commune Kenya. Nashona nguo za bitenge na kufundisha wasichana wawili kukata. Natafuta washonaji wenzangu, hasa wanaojua kutengeneza mashine za zamani za kukanyaga. Naandika Kiswahili na Kifaransa. #introduction #Lubumbashi #Couture #Kiswahili"

Maneno yanayofanya kazi hapo ni "mashine za zamani za kukanyaga". Mtu wa Brazili au Ubelgiji mwenye mashine kama hiyo atasimama. "Napenda mitindo" haimsimamishi mtu. Alama #introduction inafuatwa na watu wanaopenda kukaribisha wageni, usiiache.

Kabla ya kutuma, angalia kitufe cha lugha. Ukiandika Kiswahili huku kitufe kinasema Kifaransa, aliyechuja lugha hatakuona, na tafsiri ya programu itatoa upuuzi. Ukishatuma, libandike chapisho juu ya wasifu. Kisha ingia kwenye mipangilio ya faragha, uruhusu wasifu wako kupendekezwa na machapisho yako ya wazi kutafutwa. Tangu toleo la 4.2 la mwaka 2023 utafutaji wa maneno unagusa tu walioruhusu.

Na kila picha ya gauni iwe na maelezo: "gauni refu la kitenge cha bluu, mikono mifupi, shingo ya mraba". Huko ni adabu ya kila siku, na wako wengi ambao hawasambazi picha isiyo na maelezo, hata iwe nzuri namna gani.

*Mega zinaisha. Kuko njia?*
— Ruashi

Iko. Tumia programu ya Tusky kwenye Android, ni nyepesi. Kwenye mipangilio yake zima upakuaji wa picha ndogo. Kwenye tovuti chagua kuficha picha zote na kuzuia zinazocheza zenyewe. Maandishi matupu yanakula kidogo sana.

*Kwa nini tusifungule seva yetu ya Lubumbashi, ya batu ba hapa tu?*
— Kikundi cha vijana, Kamalondo

Hata leo mnaweza, lakini tungewashauri mngoje. Seva inahitaji jina la tovuti la kulipia kila mwaka, kompyuta ya kukodi nje (ya nyumbani itazimika kila SNEL ikikata umeme) na diski inayojaa haraka, kwa kuwa seva inaweka pia nakala za picha za seva nyingine. Hayo yote yana bei inayojulikana. Kazi ngumu ni kusoma ripoti usiku na kuamua nani afukuzwe, wakati mnajuana wote na mnasali kanisa moja.

Tena seva changa inaona kidogo: inapokea hasa machapisho ya watu wanaofuatwa na wanachama wake. Mkiwa saba, dunia yenu ni ya watu saba na wale mnaowafuata. Kubalianeni alama moja ya reli, kaeni kwenye seva mbili tatu zenye usimamizi mzuri, na mkifika watu hamsini wanaoandika kila wiki, mrudi kwenye swali hili.

*Niliandika juu ya vita ya Kivu, mutu mumoja akaniambia nifiche maneno yangu nyuma ya onyo. Mwingine akanitukana. Nifanye nini? Na ujumbe wa siri, ni siri kweli?*
— Dada, Lubumbashi mjini

Dada, hayo ni mambo matatu, tuyatenganishe.

Onyo ni ule mstari unaofunika chapisho mpaka msomaji abonyeze. Kwa picha za damu na maiti liweke bila kuambiwa. Seva inaweza kufuta akaunti kwa kosa hilo, na ndugu wa marehemu wanaweza kuwa wanasoma. Kwa maneno, soma kanuni za seva yako. Kama hazidai, si lazima. Waandishi weusi wamelalamika mara nyingi kwamba wanapoelezea maisha yao huko wanaambiwa wayafiche ili wengine wasisumbuke, na malalamiko hayo yana haki. Mjibu kwa upole mara moja, halafu basi. Ila kama seva nzima inakusemesha hivyo, hapo si pako.

Matusi usiyajibu. Bonyeza nukta tatu, ripoti, chagua kanuni iliyovunjwa, ambatanisha machapisho yenyewe, na kama mtukanaji yuko seva nyingine weka alama kwenye kisanduku cha kupeleka nakala kwa wasimamizi wa kwake. Ukisahau kisanduku hicho, seva yake haitajua. Kisha mzuie. Wakija wengi kutoka seva moja, unaweza kuizuia seva yote kwenye akaunti yako mwenyewe.

Ujumbe wa siri si siri kwa maana ya Signal, ile programu ya ujumbe uliofungwa. Haufungwi kwa msimbo, wasimamizi wa seva zote mbili wanaweza kuusoma. Na kuna mtego mmoja: ukimtaja mtu wa tatu kwa anwani yake kamili yenye @ ndani ya ujumbe huo, naye anaupokea. Watu wamesengenya na msengenywa akasoma. Jambo la usalama wako lipeleke kwingine.

*Rafiki yangu yuko Bluesky, mwingine Threads. Tutaonana?*
— Msomaji, mtaa wa Golf

Threads: utamfuata tu kama amewasha kushiriki na mitandao mingine, na kama seva yako haijaizuia Threads. Bluesky inatumia kanuni nyingine. Daraja linaitwa Bridgy Fed, na kila mmoja lazima alikubali kwa upande wake. Wewe unafuata @bsky.brid.gy@bsky.brid.gy, yeye anafuata @ap.brid.gy.

*Nikikosea seva, nitaanza upya?*
— Katuba tena

Si upya kabisa. Fungua akaunti mpya, na ndani yake uandike anwani ya akaunti ya zamani kama jina lako la pili. Kisha rudi kwenye ya zamani, chagua kuhama, andika anwani mpya na neno la siri. Wafuasi wanahama wenyewe. Unaowafuata, uliowazuia na alamisho zako unavipakua kama faili za CSV na kuvipakia upya. Machapisho hayahami, yanabaki kule, kwa hiyo chapisho la kujijulisha liandike tena.

Ukishahama, kuna siku 30 za kungoja kabla ya kuhama tena. Na uhame seva ya zamani ikiwa bado hai: ikizimwa, hakuna wa kuwaambia wafuasi umekwenda wapi. Hizo CSV zipakue leo, hata kama huna mpango wa kuondoka.